Laennec: Daktari aliyesikia maji kifuani kwa karatasi iliyokunjwa

UMEWAHI kusikia mtaani kwamba fulani amelazwa kwa sababu ana maji kwenye mapafu? Bila shaka umesikia. Na punde si punde kila mtu huwa na maelezo yake. Mmoja atasema ni baridi ya kuendesha bodaboda usiku bila jaketi. Mwingine atasema ni maji ya friji. Wa tatu atanong'ona eti kuna mkono wa mtu.

Sasa tega sikio. Maji hayo si ya kunywa, na mara nyingi hata hayako ndani ya mapafu. Yako nje yake. Mapafu yako yamefunikwa na utando mwembamba, na upande wa ndani wa mbavu una utando mwingine kama huo. Katikati ya tando hizo mbili huwa kuna umajimaji kidogo sana, kama kijiko kimoja au viwili vya chai kila upande, wa kuzilainisha zisikwaruzane unapopumua. Shida huanza umajimaji huo unapozidi ukafika glasi nzima, au hata lita moja na zaidi. Hapo pafu hubanwa, na kupanda ngazi chache tu kunakuwa kazi.

Ukimtazama mgonjwa kwa nje unaweza usione chochote. Leo daktari atakutuma upigwe picha ya eksirei. Lakini je, kabla ya mashine hizo kuwepo, daktari alijuaje kama kifua kimejaa maji, hewa au usaha? Na akishajua, angejuaje kilichosababisha?

Jibu la swali la kwanza lilitolewa na Mfaransa mmoja mwembamba, mwenye afya dhaifu, aliyependa kupiga filimbi. Swali la pili lilimshinda, na ugonjwa aliokuwa akiuchunguza ndio uliomuua. Jina lake René Laennec.

Mtoto aliyelelewa na ami

Laennec alizaliwa Februari 17, 1781, mjini Quimper, katika eneo la Brittany, magharibi mwa Ufaransa. Mamaye alifariki yeye akiwa na umri wa miaka mitano, na inaaminika aliuawa na kifua kikuu, yaani TB. Babake alikuwa wakili, lakini hakuwa mtu wa kukaa na kulea watoto. Basi akawapeleka kwa jamaa, na hatimaye Laennec akaishia mjini Nantes kwa ami yake Guillaume, aliyekuwa daktari.

Ulikuwa wakati mgumu. Mwaka wa 1789 Mapinduzi ya Ufaransa yalizuka, na baada ya miaka michache watu walikuwa wakikatwa vichwa hadharani katika uwanja uliokuwa karibu na nyumba yao. Hebu jiweke mahali pake: una miaka 12, na hayo ndiyo unayoyaona ukichungulia dirishani.

Ami yake alimshika mkono akampeleka hospitalini. Mwaka wa 1795, akiwa na miaka 14 pekee, umri ambao wengi wenu mngali katika madarasa ya chini ya sekondari, Laennec alianza kujifunza udaktari Nantes. Alifunga vidonda na kuhudumia wanajeshi waliojeruhiwa. Babake hakufurahia mpango huo, na pesa za masomo zilikuja kwa shida. Hata hivyo, mwaka wa 1801 kijana huyo alifika Paris kusomea udaktari rasmi. Miaka miwili baadaye alitwaa zawadi ya kwanza katika tiba na ya kwanza katika upasuaji, kwa mwaka huohuo mmoja.

Mtoto wa mwenye baa na mapipa

Mmoja wa walimu wake Paris alikuwa Jean-Nicolas Corvisart, daktari wa Napoleon mwenyewe. Corvisart alikuwa na mtindo ambao madaktari wengi wa enzi hiyo hawakuujali: aligongagonga kifua cha mgonjwa kwa vidole huku akisikiliza.

Mtindo huo ulitoka kwa daktari mwingine, Leopold Auenbrugger, aliyezaliwa 1722 huko Graz, Austria. Babake alikuwa na nyumba ya kulala wageni na kuuza vinywaji. Husimuliwa kwamba kijana huyo aliona jinsi mapipa ya mvinyo yanavyogongwa ili kujua yamejaa hadi wapi. Wewe mwenyewe unalijua jambo hili. Ukigonga tangi la maji nyumbani, sehemu tupu hulia kama ngoma, lakini ukishuka ukafika usawa wa maji, mlio hufifia ghafla ukawa mzito. Ukienda sokoni kununua tikitimaji, si unaligonga kwanza?

Kifua nacho ni hivyo. Pafu lenye hewa hulia kama ngoma. Palipo na maji, mlio hufa. Auenbrugger hakuishia kukisia. Aliijaza maji mifua ya maiti, akagonga, akalinganisha. Mwaka wa 1761 alichapisha kitabu kidogo mjini Vienna kueleza mbinu hiyo, lakini wenzake wengi walikipuuza. Corvisart ndiye aliyekitafsiri kwa Kifaransa mwaka wa 1808, karibu miaka 50 baadaye. Auenbrugger alifariki mwaka uliofuata.

Laennec akajifunza kugonga. Lakini kugonga kulikuwa na mpaka wake. Mlio ukiwa mzito, utajuaje kama ni maji yaliyo nje ya pafu, au ni pafu lenyewe lililojaa uchafu wa nimonia? Yote mawili hulia vivyo hivyo. Ni sawa na kugonga mtungi ukajua umejaa, lakini usijue ni maji au mafuta taa.

Karatasi iliyokunjwa

Baada ya kuhitimu mwaka wa 1804, Laennec alikaa miaka mingi bila kazi ya kudumu katika hospitali. Alitibu wagonjwa wake binafsi, akafundisha, akaandika katika majarida. Katika miaka hiyo TB iliendelea kumpokonya watu. Mwaka wa 1810 nduguye Michaud alifariki. Mwaka wa 1816 rafiki yake mkubwa, Gaspard Bayle, naye akaenda. Bayle alikuwa daktari aliyeandika kitabu kizima kuhusu ugonjwa huohuo.

Mwaka huohuo wa 1816, akiwa na miaka 35, Laennec hatimaye alipewa wadhifa katika Hospitali ya Necker, Paris. Muda si muda akaletewa mwanamke kijana aliyeonekana kuugua moyo. Kumgonga kifua hakukusaidia kwa sababu alikuwa mnene. Njia nyingine ilikuwa kuweka sikio moja kwa moja juu ya kifua chake, jambo ambalo Laennec aliliona halina adabu kwa msichana wa umri ule. Na tuseme ukweli, hata kwa wagonjwa wengine haikuwa njia nzuri: chawa walikuwa wengi enzi hizo.

Hapo akakumbuka mchezo wa watoto. Mtoto mmoja anaweka sikio kwenye ncha ya gogo refu, mwingine anakwaruza ncha ya pili kwa pini, na yule wa kwanza anasikia mkwaruzo wazi kabisa. Laennec akachukua karatasi kadhaa, akazikunja kwa kubana hadi zikawa kama bomba, akaweka ncha moja kwenye kifua cha mgonjwa na nyingine kwenye sikio lake. Akasikia mapigo ya moyo vizuri kuliko alivyowahi kuyasikia kwa sikio tupu.

Mwingine angefurahi akarudi nyumbani kusimulia. Laennec alinunua mbao. Alikuwa na mkono wa useremala, basi akachonga vifaa vyake mwenyewe, akijaribu aina hii na ile. Mwishowe alipata bomba la mti lenye urefu wa karibu sentimita 30, lenye tundu jembamba katikati. Jina lake alilitoa katika maneno ya Kigiriki yenye maana ya kifua na kutazama: stethoskopu. Ile ya mipira miwili ya masikioni unayoiona ikining'inia shingoni mwa daktari ilikuja baadaye, katika miaka ya 1850.

Sauti ya mbuzi

Kifaa peke yake si kitu. Ukipewa stethoskopu leo utasikia kelele tu, maana hujui ipi ni ya nini. Wakati huo hakuna aliyejua. Kwa karibu miaka mitatu Laennec alisikiliza vifua vya wagonjwa mmoja baada ya mwingine na kuandika kila alichosikia. Mgonjwa alipofariki, kifua kilifunguliwa. Laennec akatoa daftari lake na kulinganisha: nilisikia hivi, je, ndani kuna nini?

Polepole kamusi ya sauti ikaanza kujengeka. Chukua wagonjwa watatu, wote wanahema kwa shida.

Wa kwanza ana nimonia. Ukigonga, mlio ni mzito. Ukisikiliza, pumzi inavuma kwa nguvu, pamoja na mialiko midogomidogo. Laennec aliifananisha na chumvi inayopasuka kwenye chombo cha moto.

Wa pili ana hewa iliyovujia nje ya pafu. Ukigonga, kifua kinalia kama ngoma kupita kiasi. Ukisikiliza, kimya, pumzi haisikiki.

Wa tatu ana maji nje ya pafu. Ukigonga, mlio ni mzito kama wa nimonia. Lakini ukisikiliza, pumzi imefifia au haisikiki kabisa, kwa sababu maji yamekaa kati ya pafu na sikio lako.

Umeona ujanja ulipo? Kugonga peke yake kunawachanganya wa kwanza na wa tatu. Kusikiliza peke yake kunawachanganya wa pili na wa tatu. Ukiunganisha yote mawili, kila mmoja anajitenga na mwenzake.

Kisha akagundua jambo la kuchekesha kidogo. Alipomwambia mgonjwa mwenye maji ya wastani kifuani aongee, sauti iliyopenya kwenye bomba, hasa karibu na ukingo wa juu wa maji, ilitetemeka na kutokea puani. Ilikuwa kama mbuzi anayelia. Laennec akaipa jina la Kigiriki lenye maana ya sauti ya mbuzi, na wanafunzi wa udaktari wa Nairobi na Eldoret bado wanafunzwa kuitafuta hadi leo. Watamwomba mgonjwa aseme herufi moja, kisha wasikilize kama imegeuka.

Mwaka wa 1819 alichapisha matokeo yake katika kitabu cha juzuu mbili. Si wote walioshangilia. Daktari maarufu François Broussais, aliyeamini kwamba magonjwa mengi yanatokana na uvimbe wa tumbo na kwamba dawa yake ni kuwabandika wagonjwa ruba wanyonye damu, alimpinga vikali. Huko Uingereza, John Forbes alikitafsiri kitabu hicho mwaka wa 1821, lakini hata yeye alikuwa na shaka kama madaktari wengi wangekubali kutumia bomba hilo. Hata hivyo, wageni kutoka nchi mbalimbali walimiminika Paris kujifunza kusikiliza.

Jibu lililomponyoka

Sasa rudi kwenye lile swali la pili. Ukishajua kwamba ni maji, umejua ugonjwa? Hapana.

Laennec alilielewa hilo. Katika maiti alizofungua, maji hayakuwa ya aina moja. Mengine yalikuwa meupe na mepesi, mengine ya rangi ya ndimu, mengine yamechanganyika na damu, mengine ni usaha mtupu. Enzi zake madaktari walikuwa na tabia ya kusema mtu ameuawa na maji ya kifuani, kisha wanafunga faili. Laennec aliona kwamba ni nadra sana maji hayo kuja yenyewe. Karibu kila mara kulikuwa na jambo lingine nyuma yake: moyo uliochoka, uvimbe wa utando, TB, saratani.

Lakini hakuwa na njia ya kuona sababu yenyewe. Bakteria wa TB walikuja kugunduliwa na Robert Koch mwaka wa 1882, zaidi ya miaka 50 baada ya Laennec kuzikwa. Yeye, pamoja na akili zake zote, aliamini kwamba huzuni ya muda mrefu ilikuwa miongoni mwa mambo makubwa yanayoleta TB, na alikuwa na shaka kama ugonjwa huo huambukizwa. Akiwa kijana aliwahi kujikata kidole kwa msumeno alipokuwa akipasua maiti ya mtu aliyekuwa na TB ya mifupa ya mgongo. Kidole kikaota kinundu, akakitibu, kikapona, naye akaona yamekwisha. Aliendelea kuinama juu ya vifua vilivyooza, bila barakoa, mwaka baada ya mwaka.

Mwili ukaanza kudai. Mwaka wa 1819, kitabu kikiwa kimetoka tu, aliondoka Paris akiwa hoi, akaenda kupumzika katika shamba la familia huko Kerlouarnec, Brittany. Upepo wa bahari ukampa nafuu. Akarudi Paris, akafanywa profesa wa Collège de France mwaka wa 1822, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha katika hospitali ya Charité. Mwishoni mwa 1824 alimwoa Jacqueline Argou, mjane aliyekuwa akimsimamia nyumba.

Wakati wa kuandaa toleo la pili la kitabu chake, mwaka wa 1826, homa na kikohozi vilimrudia. Akamwomba jamaa yake Mériadec, daktari kijana aliyemfundisha mwenyewe, amsikilize kifua na kumweleza anachosikia. Mériadec akaweka bomba, akasikiliza, akaeleza. Laennec hakuhitaji kufafanuliwa. Sauti hizo alikuwa amezieleza yeye mwenyewe kitabuni, kwa wagonjwa waliokuwa na shimo la TB kwenye pafu.

Alirudi Kerlouarnec, akafariki Agosti 13, 1826, akiwa na miaka 45. Katika wosia wake alimwachia Mériadec saa, pete na vitabu vyake, pamoja na stethoskopu yake, ambayo aliiona kuwa bora kuliko vingine vyote.

Wewe unafaidi nini?

Unaishi miaka 200 baada yake, na lile swali lililomshinda lina majibu. Leo daktari akishakugonga na kukusikiliza, atakupiga picha ya eksirei au ya mawimbi ya sauti ili ayaone maji. Kisha, mara nyingi, atapitisha sindano kati ya mbavu na kuvuta kiasi kidogo.

Hapo ndipo upelelezi unapoanza. Maji hupelekwa maabara na kulinganishwa na damu yako. Mwaka wa 1972 daktari Mmarekani Richard Light na wenzake walionyesha jinsi ya kufanya ulinganisho huo. Ikiwa protini katika maji inazidi nusu ya ile iliyo kwenye damu, basi huenda utando wenyewe umeathirika: TB, nimonia, saratani. Protini ikiwa chache, na vipimo vingine vikikubaliana, huenda tatizo liko kwingine, kama vile moyo usiosukuma damu vizuri, ini au figo, na maji yanavuja tu. Wa kwanza na wa pili hawatibiwi kwa dawa moja, hata kama wote wanaitwa wagonjwa wa maji.

TB ni miongoni mwa sababu zinazoonekana sana hapa Kenya, hasa kwa vijana, na ina hila zake. Bakteria huwa wachache mno ndani ya maji hayo, hivyo kipimo kinaweza kusema hakuna kitu ilhali wapo. Ndiyo maana daktari anaweza kupima vitu vingine kwenye maji hayo, au kukata kipande kidogo cha utando ili akichunguze. Akikuambia anahitaji kipimo kingine, usikimbilie kudhani anakula pesa zako. Muulize anatafuta nini.

Kwa hivyo ukikohoa wiki mbili au zaidi, ukitokwa na jasho jingi usiku, ukipungua uzito bila sababu, au ukisikia kichomi kila unapovuta pumzi, usikae nyumbani ukinywa tangawizi na kulaumu baridi. Nenda kituo cha afya. Kupimwa na kutibiwa TB katika vituo vya serikali ni bure, na matibabu ya kawaida huchukua miezi sita. Mamaye Laennec, nduguye, rafiki yake na yeye mwenyewe hawakuwa na nafasi hiyo.

Na siku ukiambiwa kwamba wewe au mtu wako ana maji kwenye mapafu, usiridhike na jibu hilo. Uliza yametoka wapi.